Kiti cha Babu Katika Picha ya Mama

Picha ya mama ninayo moja tu, na ndani yake mama haonekani vizuri. Ni nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, na ilipigwa uani kwa babu, kijijini Lupepo. Mbele kuna kiti cha mbao chenye mikono, kitupu, kinachoonekana vizuri mpaka unaweza kufuata nyufa zake kwa ncha ya sindano. Kuna msumari uliochomoza kwenye mguu wa kushoto, nao una kivuli chake. Nyuma ya kiti hicho amesimama mwanamke aliyejifunga kitenge, na uso wake ni kama mtu aliuchora kwa mkaa, kisha akapitisha kidole chenye maji. Huyo ndiye mama. Alifariki kabla sijaweza kusema sentensi nzima.

Watu huniuliza kwa nini mwandishi wa riwaya anajaza chumba cha kupanga hapa Tukuyu mjini kwa kamera ambazo hata fundi wa simu hazitaki. Nina majibu ya utani ya kutosha. Jibu la kweli ni kile kiti.

Kamera ninazokusanya ni za zamani, za filamu, zile ambazo sisi tunaozipenda tunaziita renjifainda. Unatazama kwenye kidirisha kidogo, na katikati yake mtu anaonekana mara mbili: mwenyewe, na kivuli chake cheupe kilichosogea pembeni. Unazungusha lenzi taratibu. Kile kivuli kinamsogelea mwenyewe, kinamsogelea, mpaka wanaingiana na kuwa mtu mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa kamera ya rafiki yangu, baada ya kikao cha kusomeana hadithi kule Mbeya. Nilipoona sura mbili zinaungana nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaingiwa na uchungu ambao sikuutegemea. Aliyempiga mama picha, kwa nini hakungoja?

Nilijua kamera ilikuwa ya babu, baba yake baba. Aliwahi kuwa karani kwenye shamba la chai, na meneja mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia. Babu aliishi akisema ni ya Kijerumani. Alipofariki, baba mdogo akamuuzia mwalimu mmoja wa Isongole, na habari zake zikaishia hapo.

Basi nikawa na swali moja, na nililibeba kwa miaka. Inawezekana kamera ilikuwa mbovu, kidirisha kikisema uongo, na babu akadhani amempata mkwe wake kumbe amepata kiti. Au kamera ilikuwa nzima, na babu aliwaona wote wawili, kiti chake na mke wa mwanawe, akachagua kiti. Niliomba iwe mbovu. Sikutaka kumkuta mtu, mtu wa damu yangu, aliyemtazama mama akaona hafai kungojwa.

Wakati naitafuta nilijifunza kuzitambua. Soko la kamera hizi limejaa za kughushi: Warusi waliiga za Wajerumani kwa wingi, na baadaye wajanja wakafuta maandishi ya Kirusi na kuchonga jina la Kijerumani juu yake. Nje zinafanana kama pacha. Lakini ukifungua lenzi utakuta ndani, juu, ulimi mdogo wa chuma unaoguswa na lenzi. Katika ile ya Kijerumani ulimi huo unaishia na kigurudumu kinachozunguka. Katika nyingi za Kirusi ni kipande kigumu tu, kama jino. Nimeshika kamera nyingi zilizoandikwa jina kubwa huku zina jino ndani, na kila mara namhurumia aliyezinunua kwa furaha.

Ya babu niliipata mwaka huu, msimu wa kuvuna viazi. Mwalimu alikuwa amehama zamani, lakini shemeji yake bado analima Isongole. Dereva wa bodaboda alinishusha kwenye rundo la magunia, na mwenyeji akanitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Mugonile," nikamsalimia.

"Mugonile, dada. Viazi umechelewa, gari limeshajaa."

"Sijafuata viazi. Nimefuata kamera."

Alicheka mpaka akaegemea gunia. "Mama watoto! Njoo usikie! Kuna mtu ametoka mjini kufuata kile chuma cha kuzuilia mlango!"

Mke wake akatoka akifuta mikono. "Dada, kwani simu yako haipigi picha?"

"Inapiga."

"Sasa?"

"Hii ilimpiga mama yangu."

Hapo kicheko kikaisha. Yule mama aliingia ndani, akarudi nayo, akaifuta kwa upindo wa khanga yake kabla ya kunipa. Mume wake akasema niondoke nayo tu, ila nikiandika kitabu nisiseme alikuwa anazuilia mlango. Nimemkubalia nusu, kwa sababu jina lake silitaji.

Nilijua kwa pua kuwa ni ya babu kabla ya kujua kwa macho. Ilinuka moshi. Huku kwetu mvua hainyeshi kwa zamu, inakaa, na lenzi inaota ukungu kama mkate uliosahaulika. Wapiga picha wa kwingine huhifadhi kamera zao kwenye masanduku yenye dawa. Babu aliifanya yake kama mahindi ya mbegu: aliining'iniza jikoni juu ya moto. Masizi yalikuwa yamejaa kwenye kila mfereji wa skrubu, magumu kama lami, na lenzi ilikuwa safi.

Usiku uleule nilifungua lenzi. Ulimi ulikuwa na jino. Babu wa watu, karani wa chai, aliyewahi kuwakatalia majirani wasiiguse kwa kuwa ni ya Mjerumani, alikuwa na ya Kirusi iliyochongwa jina. Nilicheka, kisha nikapata tumaini. Kama jina lake ni la uongo, huenda na kidirisha ni cha uongo.

Asubuhi nilipanga chupa tupu za soda juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba, moja mbele ya nyingine. Mwenye nyumba wangu akauliza kama nimeanza uganga. Nikalenga chupa ya katikati, nikazungusha mpaka sura mbili zikawa moja, nikapiga. Nikarudia, kwa karibu na kwa mbali, mpaka filamu ikaisha. Nikaisafisha mwenyewe bafuni, nikaianika kwenye kamba pamoja na soksi.

Filamu ilinipa majibu mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa pembeni: kila fremu ilikuwa na pengo dogo kwenye ukingo wa kushoto, kama ukucha uliomeguka, kwa sababu chuma kinachozunguka filamu ndani ya kamera kilikuwa kimemeguka hapo. Nikachukua negativu ya mama, kipande cha filamu ambacho bibi alinipa pamoja na picha, nikaiweka juu ya kioo cha dirisha sambamba na zangu. Pengo lilikuwa lilelile, mahali palepale. Kamera ilikuwa ndiyo.

La pili lilikuwa chupa. Kila nilipolenga ya katikati, ya katikati ndiyo iliyotoka wazi, na nyingine zimefifia. Kidirisha kilikuwa kinasema kweli.

Nilikaa chini bafuni. Kwa hiyo mtu aliona. Alikiweka kiti sawasawa, akamwacha mama aelee huko nyuma.

Niliipeleka kamera kwa bibi, kule Lupepo, nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumpa, maana babu yuko kaburini. Bibi alikuwa anamenya ndizi chini ya upenu. Aliponiona na kitu shingoni akaanza utani wake wa siku zote.

"Gwe, mke mwenzangu! Umekuja kunirithi mume hata kamera yake?"

"Bibi, nataka kukuuliza jambo. Babu alimchukia mama?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia hivyo?"

Nikamwonyesha picha. "Kamera ni nzima, bibi. Nimeipima. Babu alilenga kiti. Akamwacha mama."

"Sasa babu yako anaingiaje hapo? Picha hii nilipiga mimi."

Miaka yote niliuliza kamera ilikuwa ya nani. Sikuwahi kuuliza nani alibonyeza.

"Wewe? Ulijua kupiga picha?"

"Kubonyeza kunasomewa? Unabonyeza tu." Akaweka kisu kando. "Wewe ulitaka babu yako asimame amwangalie mkwe wake? Mke wa mwanawe? Ninyi mmekulia mjini, mnakula meza moja na baba wakwe zenu. Mama yako alipokuwa hapa, mzee akirudi alikuwa anakohoa tangu kule njiani, na mama yako anaingia migombani mpaka apite. Sauti walisikiana. Uso, hapana. Na hiyo ni heshima, si chuki. Mkwe asiyemkimbia baba mkwe wake, watu walimsema."

"Hata kwa kamera?"

"Kamera si jicho? Mwenyewe alisema hivyo. Lakini ulipozaliwa wewe alitaka mama yako awe na picha. Akatoa kiti chake, kile chake hasa, akakiweka uani. Kamera akaiweka juu ya kinu. Akachungulia, akazungusha, akachungulia, mpaka nikamwambia chakula kinapoa. Akaniambia, 'Nimeshakipata kiti. Usiguse kitu. Akishakaa, bonyeza hapa.' Halafu akaondoka zake mpaka kanisani, asije akamwona."

"Na mama hakukaa."

"Angekaaje?" Bibi akaanza kucheka, na kicheko kikamchukua mabega. "Nikamwambia, mwanangu, kaa, mzee kasema ukae. Akaniambia, 'Mama, mimi nikae kwenye kiti cha baba? Si nitaungua!' Tulicheka sisi, tulicheka. Nikamsukuma hata mkono, akagoma. Akaenda kusimama kule nyuma. Mimi nikaona, si yumo? Nikabonyeza."

Babu alitoa kiti chake cha heshima akasahau kwamba ni chake. Alipima umbali wa mtu ambaye kwa mila ileile iliyomfanya asimtazame, asingeweza kukaa hapo. Hakuna aliyemwacha mama. Walimheshimu mpaka akafifia.

"Babu alipoiona picha alisemaje?"

"Hakuiona. Ilipotoka kusafishwa mjini alinipa bahasha bila kuifungua. Akauliza tu, 'Ametoka vizuri?' Nikamwambia ametoka vizuri sana. Alifurahi mzee. Hata mama yako alipofariki, hakuiomba."

Mvua ilianza, tukasogeza ndizi ndani. Hasira ilikuwa imeniisha, na mahali pake palikuwa patupu kuliko nilivyozoea. Nilikuwa nimetafuta kamera kwa miaka nikidhani ikipatikana nitapata na mama. Sasa nilijua kila kitu kuhusu picha ile, na uso wake ulikuwa umefifia vilevile.

"Basi niambie wewe, bibi. Wewe ulimwona. Alikuwaje?"

Bibi akafumba macho. Akaniambia paji la uso lilikuwa pana. Macho hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa hayatulii, yakimfuata kila anayepita. Shavu la kulia lilikuwa na kovu dogo la tetekuwanga. Alisema polepole, na mimi nikawa namzungusha mama moyoni, kidogo huku, kidogo kule, nikingoja akae sawa.

"Na mdomo?"

Akayafumba macho zaidi.

"Mdomo," akasema, "mwanangu, nisikudanganye. Siku hizi nikiutafuta naona wako. Umenijia huo kila siku, ukaufunika wake."

Nikafungua kinywa, naye akanishika goti.

"Hebu usiongee kidogo. Ngoja nijaribu tena."

Nikafunga mdomo. Bibi alikuwa bado amefumba macho, uso wake umeelekea kwangu, mvua inapiga bati, na mimi nimetulia kuliko nilivyowahi kutulia maishani.