Ntumba za Agosti

Mtu asije akaniambia uhuru wa nchi hii ulipiganiwa Dar es Salaam peke yake. Sumbawanga nayo ilikuwemo, tena kwa jembe, na aliyelishika jembe lenyewe ni mama yangu mkubwa, Bertilla. Kila sikukuu nasikia wanaume wakitajwa kwenye hotuba, nasonya. Yeye hatajwi.

Mwaka hamsini na saba alikuwa mke kijana wa Dominiko, hapahapa Izia. TANU ilikuwa imenyimwa kibali cha mkutano, wanaume wamekaa wanakuna vichwa. Mama Mkubwa akawauliza, "Na kulima nako kunataka kibali?" Akapika pombe ya ulezi, akawaita watu shambani kwake wafanye ntumba.

Mfipa hafundishwi ntumba. Unakata majani, unayakusanya, unayafukia kwa udongo mpaka panakuwa na kichuguu cha duara. Majani yanaozea humo, mwakani unasambaza na kupanda. Lakini hiyo ni kazi ya masika, udongo ukiwa laini. Yeye aliita watu Agosti, ardhi ngumu kama sakafu. Walipiga jembe moja wakasema maneno kumi, na kadi za chama zikafichwa mlemle kwenye ntumba.

Siku ya tatu akapita mzungu wa serikali na tarishi wake, Polikarp, Mfipa wa Msanzi. Watu wakainamia majembe. Mzungu hakujua majira yetu, lakini Polikarp aliyajua. Alipoulizwa watu hawa wanafanya nini, akatazama lile vumbi, akawatazama wale wanaume, akajibu, "Wanalima, bwana." Mzungu akaenda zake. Tangu siku hiyo, aliyeona ntumba zinafanywa Agosti alijua Bertilla anaita watu.

Sasa ruka miaka thelathini na sita. Ni enzi za ruksa, Majengo imejaa maduka, na mimi Evodia nauza mitumba pale. Dominiko ameshafariki, mtoto hawakujaliwa. Akaibuka mdogo wake, Felisian, ambaye Agosti ile ya wenzake alijilaza ndani anaumwa tumbo. Akadai shamba ni la ukoo na kumuuzia Adriano, mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghala la mahindi.

"Shemeji, siku hizi ni biashara huria," alimwambia Mama Mkubwa. "Na tena mwanamke harithi ardhi."

"Sikurithi. Mkwe wangu alinikatia mimi siku niliyoolewa, na wewe ulikuwepo, unakula nyama ya harusi yangu."

Baraza la kata likampa wiki mbili alete shahidi asiye ndugu, aliyelijua shamba kuwa lake tangu kabla ya uhuru. Akimkosa, shamba limekwenda, na hakuwa na kingine cha kumlisha. Nikamwambia tuzunguke vijijini tuwatafute wazee. Akasema hana miguu ya kuzunguka, watakuja wenyewe. Niliona uzee umeshamwingia kichwani.

Kesho yake nikamkuta shambani, upepo wa Agosti unampeperushia kanga, anafanya ntumba. Nilikasirika, sisemi uongo.

"Mama Mkubwa, utajiua bure."

"Shika jembe, au nenda kauze mitumba yako."

Nikashika. Viganja vikatoka malengelenge, na wapita njia wakatucheka. Siku ya nne akasimama Mzee Obed, mwashi wa zamani, akaangalia sana, akacheka peke yake, akaondoka bila hata kuaga. Nikamtukana moyoni. Kumbe alikwenda kuchukua jembe. Alirudi na wazee wawili. Habari ikapita sokoni, ikapanda malori, ikafika mpaka Msanzi.

Siku baraza lilipokuja kuliona shamba, wazee walikuwa kumi na mmoja, wanakohoa na kulima. Adriano akaja, akapigilia vigingi vyake vya kupimia, akashangaa.

"Jamani, nani analima Agosti?"

Felisian alikuwa ameshaelewa, maana alianza kutazama viatu vyake.

Ndipo akaja mzee mrefu na fimbo, ameshuka kwenye lori la mkaa, koti limejaa masizi. Sikumjua. Mama Mkubwa aliacha jembe akalia mbele ya watu, yeye ambaye msibani kwa mumewe sikumwona akilia.

"Shikamoo, Mzee Polikarp," mwenyekiti wa baraza alimwamkia. "Wewe hapa unashuhudia nini?"

"Marahaba. Nilimtumikia mkoloni miaka kumi na minane, na yule mzungu nilimdanganya mara moja tu, hapahapa tuliposimama. Aliniuliza wanafanya nini, nikasema wanalima. Kisha akaniuliza shamba ni la nani. Hapo sikudanganya. Nilimwambia ni la Bertilla."

Mwenyekiti akawatazama wenzake, wakaitikia kwa vichwa. Adriano akang'oa vigingi vyake mwenyewe na kumdai Felisian pesa zake palepale.

Mama Mkubwa akafuta macho, akaokota jembe lake, akamnyooshea Felisian.

"Safari ile uliumwa tumbo, shemeji. Leo je?"

Felisian akavua koti, akalima mpaka saa nane.