Lori Lililolala Kushoto

Mwezi uliopita nilikwenda Nachingwea kwa shughuli za kifamilia, nikakatiza sokoni kumtafuta fundi viatu. Pembeni yake palikuwa na lundo la ndala zilizoisha visigino, nyingi za bluu. Fundi akachukua moja, akaikata duara kwa kisu apate kiraka. Mwenzangu niliyekuwa naye aliona kiraka. Mimi niliona gurudumu la mbele, upande wa dereva. Ikabidi nimsimulie, na sasa nakusimulia na wewe.

Kijiji chetu kiko upande wa Nambilanje, na utotoni mwangu lori tulilolijua vizuri lilikuwa moja tu. Lilitoka Nachingwea, likapitia Ruangwa, likatufikia msimu wa korosho na tena msimu wa ufuta. Kichwa cha bluu, bodi ya mbao, ubao wa nyuma umeandikwa USINIONE HIVI. Na lilikuwa limelala kushoto. Springi za upande huo zilichoka siku nyingi, hivyo likija unadhani linataka kukunong'oneza jambo. Tulilisikia likiwa bado linapanda kilima kwa gia ndogo, nasi tunaanza kuliiga kwa midomo mpaka mate yanaturuka. Bibi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alisema kwa Kimwera kwamba lori lile linakohoa kama mzee mvuta tumbaku.

Mwaka ninaousimulia, mjomba alikuja nyumbani akaketi na mama na bibi, na alipoondoka nilijua kwamba nimo kwenye jando la kiangazi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno katika mambo hayo. Kisu nilikiogopa, sikatai, lakini kuna kitu nilikiogopa zaidi. Kijana akishatoka jando hachezi tena michezo ya watoto. Magari yake ya makopo yanachukuliwa na wadogo zake, na yeye anapewa jina jipya; ukimwita kwa lile la zamani umemtukana. Basi nikataka kutengeneza gari moja la mwisho kabla ya hayo. Nililitaka lori lile lenyewe, na kila kitu chake, na dereva aliangalie aseme kwa kinywa chake kwamba ni lake. Nisipowahi ndiyo basi tena, maana baada ya jando hata kulishika ingekuwa aibu.

Lilipokuwa likipakia korosho ghalani nilikuwa naingia chini yake na kukariri kila kilichoko huko. Utingo akinifukuza upande huu, naibukia upande ule. Taabu yangu ilikuwa kulipunguza. Vichwa vya magari yangu ya zamani vilikuwa vikubwa kuliko bodi, kama viluwiluwi. Bibi ndiye aliyenitoa hapo. Yeye alikuwa msukaji wa mikeka na vipimo vyote vilikuwa mkononi mwake. Aliniambia, nami nakutafsiria, "Kila shubiri ya lori, kwako iwe upana wa kidole." Akanipa nyuzi za ukindu. Nikalipima lori zima kwa shubiri, kila shubiri naifunga fundo: uzi wa urefu, uzi wa kimo, uzi wa mlango, uzi wa tangi la mafuta. Bibi akazitundika ukutani karibu na chungio, akakataza mtu yeyote asiziguse.

Masika yote nilijenga. Kichwa kilitokana na kopo la mafuta ya kula nililolinyoosha kwa jiwe. Mbao za bodi nilizipasua kwenye mwanzi, moja moja, nikizipimia kwenye mafundo. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli, magurudumu ndala. Bibi akanishonea vigunia vidogo kwa gunia lililochakaa, tukavijaza makapi ya ufuta. Wakati mwingine tulikaa barazani yeye akisuka, mimi nikikata, katikati yetu sahani ya korosho zilizochomwa, na bati langu likawa linanuka moshi wa korosho. Nikiwaza raha, nawaza pale.

Springi nilizifanya kwa vibanzi vya mwanzi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa mpira wa tyubu. Za kulia nikaziwekea vibanzi vingi, za kushoto vichache, gari likalala kama lenyewe. Hapo ndipo nilipochekwa. Watoto wenzangu waliimba kwamba gari langu kiwete. Hata mjomba alipopita aliliinua, akalizungusha, akaguna.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "kazi nzuri, ila linyooshe. Mtu hatengenezi kitu kibovu makusudi."

"Ndivyo lilivyo, mjomba."

"Ndivyo lilivyo kwa sababu mwenyewe hana springi. Wewe unazo."

Sikulinyoosha. Nilikuwa mbishi, na mpaka leo watu wa nyumbani mwangu watakuthibitishia.

Ufuta ukavunwa, ukapepetwa, ukajazwa magunia, na lori halikuja. Siku ya kuingia jando ikatangazwa. Kila asubuhi nilikaa njiani na gari langu, usukani wake kwenye fimbo ndefu, nikitega sikio kilimani. Nilianza kukata tamaa. Kisha, siku moja tu kabla ya kunyolewa na kuingia jando, adhuhuri, nikasikia mngurumo. Nilikimbia mpaka ndala zikanivuka.

Lori likakata kona ya ghala, likasimama mbele yetu. Limenyooka. Springi mpya pande zote mbili, limesimama wima kama askari wa gwaride. Watoto walinitazama, wakalitazama lori, wakalitazama gari langu lililolala, wakaangua kicheko. Nilitamani nijifunike kwa turubai. Masika yote ile kazi, na sasa halikufanana tena na kitu chochote duniani.

Dereva akashuka. Kwao ilikuwa Njombe, mtu wa maneno machache. Alisalimia wazee, akapewa maji, na kikombe kikiwa bado mdomoni macho yake yakatua chini kwenye gari langu. Akachuchumaa. Akagusa taa, akafungua ubao wa nyuma, akasoma USINIONE HIVI. Akapitisha kidole chini ya bodi mpaka kwenye springi za kushoto, akabaki amekishikilia pale.

"Utingo! Njoo uone. Hata ugonjwa wetu kauweka."

Kwenye lori la kweli, jina la mwenye mali huandikwa mlangoni. Mimi pale nilikuwa nimeandika langu. Dereva akalisoma kwa sauti, akainua uso kunitafuta.

"Hili ndilo gari langu," alisema. "Lile pale mafundi wamelinyoosha mpaka linanivutia kulia. Nimezoea kulishika hivi, wao wameniletea gari la mtu mwingine."

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliguna tena, lakini guno lile lilikuwa na heshima ndani yake. Mimi nilifurahi hadi machozi yakanitoka hadharani, na sikujali. Nikamwambia alichukue, kesho naingia jando. Hakuuliza zaidi. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Kumbi la jando tulilokaa lilichomwa moto siku tuliyotoka, nasi tukaondoka bila kugeuka nyuma, kama inavyotakiwa. Tulipakwa mafuta, tukavishwa nguo mpya, tukaitwa majina mapya. Msimu wa korosho ulipofika, lori likaja. Watoto wakalikimbilia. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikabaki nimesimama na wanaume. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaita kwa furaha jina langu, lile alilolisoma mlangoni.

Sikugeuka. Iliniuma, ndugu yangu, maana hapakuwa na mtu niliyetaka kumwitikia kuliko yeye. Mjomba akamsogelea dirishani, akamweleza taratibu. Dereva akavua kofia.

"Samahani wazee," alisema. Akafikiri kidogo. "Basi, fundi! Njoo uone gari lako."

Hilo halikukatazwa. Nikaenda, natembea kiutu uzima, goti linataka kukimbia na mimi nalizuia. Gari langu alikuwa amelifunga juu ya dashibodi, vigunia vyake ndani, limelala kushoto.

Siku hizi lami imefika Ruangwa, malori yanakwenda mbio na huwezi kuwajua madereva wake. Vijana wanatahiriwa hospitali likizo ya shule, na wanarudi darasani na majina yale yale. Sisemi ni vibaya. Wanangu nao wamepitia huko. Bibi hayupo, mjomba hayupo, na sidhani yuko aliye hai anayelikumbuka jina langu la utotoni. Mimi mwenyewe sijalitamka tangu siku ile, na hata hapa silitaji. Lakini lilipita Nanganga kabla yangu, likauona mji wa Lindi na bahari yake mimi nikiwa bado sijavuka Matambarale ya hapo jirani, limeandikwa mlangoni kwa mkono wangu, na dereva alilisoma kila alipotaka. Wenzangu majina yao yaliishia kumbini. Langu lilipata lifti.