Sakado ya Kijani

Wiki ile nzima sikutulia. Darasani nilichora mikoba pembeni mwa daftari la kemia. Nyumbani niliingia na kutoka mpaka mama akauliza kama nimekalia siafu. Jumamosi vijana wa parokia yetu walikuwa wapande tena kile kilima cha nyuma ya Kibati, na mimi sikuwa na sakado ya maana, mkoba wa kubeba mgongoni.

Yaani, ile ya shule ilikuwapo, lakini ndiyo iliyonitia aibu mwaka uliopita. Sheria ya kiongozi wetu ni fupi: kila mutu na muzigo yake. Maji litre tano, chakula, koti ya mvua. Mwaka ule hatukuwa tumefika hata nusu ya njia, mkanda wa bega ukakatika. Kijana mmoja wa darasa letu, mrefu, mwenye mdomo, akanyakua mkoba wangu, akauvaa kifuani kama mtoto mchanga, akapanda nao hadi juu huku akiuimbia. Nilitaka kumwambia aurudishe. Mbele ya watu sauti yangu hukauka. Hata nikiitwa kwenye orodha ya darasa, najibu kama mtu anayekiri kosa. Tangu siku ile ananiita Bagaje, yaani mzigo, na darasa zima likamfuata. Bagaje, leta chaki. Bagaje, sogea.

Kwa hiyo nilichotaka ni kitu kimoja tu: kufika juu na mzigo wangu, bila mtu kunibebea.

Nilikwenda mara tatu kwa mama mmoja wa Mabanga anayeuza chaguwa, vitu vilivyokwisha kutumiwa Ulaya, mbele ya nyumba yake. Mara mbili za kwanza nilipita tu kama mwenye safari nyingine. Mara ya tatu akaniita mwenyewe. Sakado zilikuwa tatu, zimetundikwa kwenye misumari. Ya buluu ilikuwa na vyuma mgongoni. Ilikuwa tupu, lakini niliona kama nabeba benchi la shule. Nyekundu ilikuwa nzuri, ila zipu yake ilikwisha kufa. Ya kijani ilikuwa nyembamba kama kitambaa cha mwavuli. Mama akaikunja ikaingia yote ndani ya ngumi.

"Iyi, mutoto yangu, ukiibeba utafikiri umeisahau nyumbani."

Papa muuza viatu wa jirani akadakia: "Mama, usimudanganye mutoto ya watu! Hiyo ni parashiti. Upepo ya kilima ikipiga, tutaenda kumuokota Gisenyi, ngambo ya mupaka."

"We papa, uza viatu yako!"

Akataka dola kumi na tano. Nilikuwa na tisa, nilizopata kwa kusuka nywele za majirani. Sijui kupatana bei, basi nikasimama nikiangalia miguu yangu. Mama akadhani nakataa. Akasema kumi na mbili. Nikaendelea kuangalia miguu. Kumi. "Mutoto huyu ni mugumu!" akamwambia muuza viatu. "Leta tisa, uende." Nilirudi nyumbani karibu nakimbia.

Sasa niseme ukweli wa kosa langu. Nilikuwa nimesoma kwenye simu ya dada kwamba sakado haijaribiwi ikiwa tupu: unatia uzito, unatembea nayo. Ningeweza kutia bidoni, lile dumu la maji. Ningeweza kutia mchele. Lakini sikuweza kungoja mtu arudi kutoka kuchota maji, na uani kwetu kuna lundo la mawe ya volkano ambayo papa wangu anataka kujengea ukuta. Nikajaza mawe. Nikazunguka nyumba, jikoni hadi choo, choo hadi jikoni, sijui mara ngapi, nimefurahi kabisa. Mgongo haukuuma. Halafu nikasikia sauti kama ya karatasi inayochanika.

Mawe yetu yana meno. Kila mtu hapa anajua. Yanakula soli za viatu, yanatoboa mipira ya watoto. Chini ya sakado palikuwa na matundu mawili, kidole kinapita. Na juu, kwenye bega la kulia, nyuzi zilikuwa zimeanza kuvutika.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mawe ya volkano ndani ya kitambaa ya mwavuli? Wewe umezaliwa hapa, ao umeteremuka na boti jana?"

Kesho yake nikaipeleka Ndosho, kwa muzee anayeshona viatu na mikoba. Kibanda kilikuwa kimejaa watu, wanataniana. Nikamwonyesha matundu. Akakata kipande cha shitingi, lile turubai jeupe, akakishona chini mara mbili. "Sasa hata ukibeba mulima yenyewe," akasema, na wote wakacheka, wakaniangalia. Nilitaka kumwonyesha na nyuzi za bega. Badala yake nikasema "asante muzee," nikatoka. Njia nzima nilijitukana.

Asubuhi ya Jumamosi mama alinipa ukanda mrefu aliokata kwenye kitenge chake cha zamani. "Tia iyi ndani. Bega ikikataa, kichwa iko." Utotoni mama alikuwa akibeba viazi kutoka shambani, kamba ikipita kwenye paji la uso, mzigo mgongoni. Mimi niliona aibu. Nilizungushia ukanda ule kwenye bidoni ya maji ili usionekane, nikaondoka.

Tulipanda vizuri mpaka pale majani yanapokwisha na changarawe nyeusi inaanza kuteleza chini ya miguu. Nilikuwa nikishika mkanda wa bega la kulia kila baada ya hatua kumi. Halafu ukaachia, mara moja, na sakado ikaning'inia upande kama mbuzi aliyechinjwa.

Yule kijana mrefu alikuwa nyuma yangu. "Aaa, Bagaje! Leta, leta. Nilijua."

Alikwisha kunyoosha mikono.

"Hapana," nikasema.

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Hata kiongozi aligeuka. Nikakaa chini kwenye changarawe, nikafungua sakado, nikavuta ukanda wa mama kwenye bidoni, nikaupitisha chini ya sakado, nikaufunga, nikauweka kwenye paji la uso. Nilipojaribu kusimama nilirudi chini. Mara ya pili nikasimama.

"Mama Makala!" akapiga kelele, kama kwa wale mama wanaobeba magunia ya mkaa kwa paji la uso. "Makala ni bei gani, mama?"

Walicheka wote, wasichana pia. Nilikuwa nimeinama, naona miguu yangu tu na mawe, na shingo ilikuwa inaungua. Lakini sauti ilikuwa bado iko, nikaitumia kabla haijakauka tena.

"Nauza gunia nzima tu," nikajibu. "Weye huwezi kununua."

Safari hii walimcheka yeye.

Nilifika wa mwisho, wa mwisho kabisa. Wenzangu walikuwa wamekwisha kula. Kiongozi akasema nitue, nipumzike. Nikasema ndiyo, lakini sikutua papo hapo. Nilisimama kidogo na sakado yangu mgongoni, ukanda bado kichwani, ili wote waone iko na nani.