Dawa Niliyochagua kwa Ajili ya Baba Felista

Mmeniomba niseme, wagonjwa wenzangu, nami nitasema kama ilivyokuwa, ingawa sitawafurahisha sana.

Naitwa Mama Felista, wa kijiji cha Kilema, kule mlimani. Nimevuka miaka sabini. Zamani nilikuwa mtu wa kihamba, shamba letu la nyumbani: napalilia migomba, nachuma kahawa, nakata majani ya ng'ombe. Mume wangu alikuwa amepooza upande mmoja. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha mtori, supu yetu ya ndizi, kwa kijiko.

Ugonjwa ulianza kama uchovu. Mzigo wa majani niliouzoea ukanishinda. Halafu tumbo likawa gumu upande wa kushoto, nikila kidogo tu nashiba. Nilitoka jasho mpaka shuka zikawa za kukamua. Sketi zikaanza kunivuka kiunoni. Majirani wakasema ni uzee.

Felista, binti yangu anayekaa mtaa wa Soweto mjini, akanipeleka hospitali huko. Walinichoma sindano ndani ya mfupa wa nyonga kutoa uboho. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Majibu yalipotoka, daktari, kijana mpole, aliniamkia kwanza.

"Shikamoo mama. Una saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu. Dawa ipo, ni vidonge. Vinazilenga seli mbovu zenyewe."

Akaeleza kwamba viko vya aina mbili. Kimoja kinafanya kazi haraka, lakini kinaweza kudhuru mishipa na moyo, hata kumpoozesha mtu. Kingine ni cha polepole, kinavimbisha macho na kukaza misuli. Nami nina presha, na moyo ulishatanuka.

"Mpe cha haraka!" Felista akadakia. "Huoni mama anavyokwisha?"

Daktari akaniangalia mimi. "Mwenyewe unaonaje, mama?"

"Baba yao amelala kitandani," nikamjibu. "Nikipooza na mimi, nani atamgeuza? Nipe cha polepole."

Nilijuta. Kope zilivimba nikawa naona kwa shida. Miguu ilikakamaa, nikatapika hata maji. Bandama, lile gumu la tumboni, ilibaki palepale. Felista hakunilaumu kwa mdomo, ila alikuwa akitazama tumbo langu kisha anageuka pembeni.

Kisha chembe zangu za damu zikashuka mno, nikasimamishiwa dawa na kulazwa. Wifi yangu akabaki na mume wangu kule nyumbani. Mvua zilikuwa kubwa, kifua kikambana. Baba Felista alifariki mimi nikiwa wodini. Niliruhusiwa kwenda kumzika, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, barakoa usoni, nikitazama udongo ukirudishwa. Wifi akaniambia alikuwa akiliita jina langu. Afadhali asingeniambia.

Niliporudi wodini, chembe zilikuwa zimepanda, daktari akaniruhusu kuendelea na dawa. Nikakataa. Nilimwambia Felista, "Niache niende."

Akakaa kitandani, kidonge kiganjani. "Mama, baba sina tena. Meza."

Nikameza. Si kwa ajili yangu.

Muda ulipita. Tumbo likalainika, nikaweza kumaliza sahani. Siku moja daktari akasoma vipimo akitabasamu: seli mbovu karibu hazionekani. Felista akalia kwa furaha. Mimi nikamfikiria baba yake. Nilichagua dawa ili nirudi kwa mtu, nikapata nafuu mtu hayupo.

Nawashukuru daktari, wauguzi na mwanangu. Namshukuru na Mungu, hata siku ambazo sina la kumwambia. Ninyi wazee wenzangu, mwelezeni daktari magonjwa yenu yote, moyo, presha, sukari, kabla hajawachagulia kidonge. Ulizeni kitawafanya nini. Kikiwatesa, rudini kwake, msikiache wenyewe. Ningechagua kilekile tena. Moyo wangu usingekibeba kile kingine.

Kila asubuhi nakunywa uji, nachukua kidonge na glasi ya maji. Siku iliyobaki sijajua bado niifanyie nini. Lakini nameza.