Upepo Kidogo wa Marian Thirtle

Nilimpaka Marian Thirtle poda miaka kumi na tisa, kwa hiyo mkinisikia namsema, jueni nina haki hiyo. Alikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa runinga ya mkoa wetu, huku mashariki mwa Uingereza, ambako nchi imelala bapa na bahari iko juu kuliko tunavyopenda kukiri. Alianzia kambi ya ndege za jeshi, akiwaambia marubani mawingu yako wapi. Alikuwa msomi wa mambo hayo hasa, lakini barua alizopata zilihusu nguo zake. Dukani wanawake walimshika mkono na kumlaumu kwa mvua iliyowaharibia harusi za binti zao, naye akawaomba radhi kana kwamba alifungua bomba yeye mwenyewe.

Kazi yenyewe ni kiini macho. Unasimama mbele ya ukuta wa kijani usio na kitu, unaonyesha kwa mkono ramani isiyokuwepo, huku ukiiibia jicho kwenye runinga ndogo ya pembeni inayoionyesha. Hakuna maandishi ya kusoma. Habari zikirefuka, dakika zako mbili zinageuka moja, na mwishoni ni lazima utabasamu.

Miaka mitano kabla ya siku ninayoisimulia, Marian aliwaambia watu wa pwani wahame, bahari inakuja. Wakalala kwenye ukumbi wa shule pamoja na mbwa wao. Upepo ukageuka dakika za mwisho, bahari haikuja, na mkoa mzima ukamcheka. Mtu mmoja alimtumia boya la kujiokolea kwa posta. Baba yake mwenyewe, mzee Cyril, mkazi wa kijiji cha Wickersea nyuma ya tuta la kuzuia bahari, aliteleza kwenye sakafu ya ukumbi ule akavunjika nyonga. Wakubwa wa kituo wakamwita Marian, wakamtaka apunguze makali. Tangu hapo kila kitu kwake kikawa kidogo: baridi kidogo, upepo kidogo, bahari itachangamka kidogo. Watu wakampenda upya. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu akikatwa mguu anasema amekwaruzwa, na anayepiga kelele tunamwona hana adabu.

Basi Ijumaa ile ya Desemba, kwenye taarifa ya saa saba na nusu mchana, alisema bahari itachangamka kidogo jioni. Mimi niliyeujua uso ule nilimwona akimeza neno jingine kabla ya kutabasamu.

Saa nane vipimo vikaingia kutoka bandari za kaskazini. Maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita moja juu ya hesabu, na yalikuwa yanashuka kuja kwetu. Onyo la mafuriko likapandishwa likawa jekundu, la hatari kubwa kabisa. Polisi walianza kugonga milango mjini, kwenye nyumba nyingi, na Wickersea ilikuwa mwisho wa orodha. Bahari ingefika huko saa kumi na nusu. Marian alikaa kwenye kiti changu akampigia baba yake, na mimi nikainama kusikiliza.

"Baba, toka hapo nyumbani."

"Niende wapi? Shuleni tena, nikavunje nyonga ya pili?"

"Baba, nakuomba. Maji yanakuja kweli."

"Umesema kidogo. Nimekusikia mimi, na Olive hapa jirani kakusikia. Kaenda zake kulala."

"Nimekosea."

Nilisikia birika lake likichemka.

"Sasa mbona unaniambia mimi peke yangu?" mzee akasema. "Mtaa mzima umekaa kwa neno lako, halafu mimi nitoroke kwa sababu nimemzaa mtangazaji? Waambie wote, mwanangu. Ukiwaambia wote nitavaa koti."

Akakata simu. Nilimchukia yule mzee kwa muda, nakiri.

Marian alimfuata Adrian, mkuu wa zamu, akamwomba akate kipindi. Adrian si mtu mbaya, ila ni mwoga wa simu za wakubwa. Alimkumbusha boya. Alimkumbusha kwamba kuhamisha watu ni kazi ya polisi, na kwamba akikosea mara ya pili hana kazi. Marian akajibu kwamba hayo anayajua, na akaendelea kusimama palepale. Mwishowe akapewa sekunde thelathini, saa tisa kasorobo, baada ya kipindi cha kuuza vitu vya kale.

Nilimkimbilia na poda. Akaushusha mkono wangu.

"Acha," akasema. "Waone nilivyo."

Ramani hakuigusa. Aliitazama kamera, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Saa saba na nusu niliwaambia bahari itachangamka kidogo. Nimekosea. Nyie wa Wickersea na pwani yote ya chini, tokeni sasa hivi, msingoje polisi. Gongeni kwa jirani. Baba yangu yuko huko, na mimi naogopa."

Hakutabasamu. Kikafuata kipindi cha mapishi.

Tangu hapo simu ya mzee iliita bila kupokelewa. Kuna kungoja na kuna kungoja. Nilipanga brashi zangu, nikazipanga upya. Saa kumi na nusu hatukusikia kitu. Saa kumi na moja picha ikaingia: tuta limekatika, na mahali pa barabara ya Wickersea kuna maji meusi na paa za magari. Marian aliitazama akiwa amesimama wima.

Karibu saa kumi na mbili simu ikaita. Alikuwa mzee Cyril, yuko shuleni, viatu vimelowa. Alikuwa amegonga milango kumi na moja kwa fimbo yake, na kumi ikafunguliwa. Marian akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye. Kisha akamuuliza kuhusu Bi Olive.

"Huo ndio wa kumi na moja," mzee akasema. "Aliniongelesha dirishani. Runinga aliizima baada yako mchana. Akaniambia, Cyril, nenda kalale, Marian kasema kidogo."

Chini, wapokea simu walikuwa wameshaandika shukrani zaidi ya mia mbili, na Adrian alizileta mwenyewe kwenye karatasi, anacheka kwa furaha. Marian hakuzisoma. Ilibaki robo saa kabla ya taarifa ya jioni. Akakaa kitini, akafumba macho nimpake poda, akaniuliza ni wangapi wengine waliozima runinga saa saba na nusu.

Nikampaka.