Mama Mkwe kwenye Kikao cha Ukweli

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Umeniambia umepata kazi Migori, ofisi ya wafanyakazi, katika kampuni ya kompyuta iliyotoka ng'ambo, na mama yako ameshachinja kuku. Hongera. Sasa keti, shangazi yako akwambie jambo ambalo hata baba yako hajawahi kulisikia.

Wakati huo nilikuwa nimeuzidi umri wako wa sasa kwa miaka michache tu, na nilikuwa na maringo. Kampuni ya namna hiyohiyo ilikuja Homa Bay na huduma ya kuwatumia wachuuzi wa samaki bei za siku kwa simu, nikapewa kazi kama hiyo yako, ya kuwasimamia wafanyakazi. Kabla hawajafungua ofisi, makao makuu walinitumia kitabu cha utamaduni wao, wakaniomba niandike ni lipi humo halitafaa kwa watu wa huku. Niliandika kwamba yote yatafaa. Sikutaka waone tumetoka porini, na nisikufiche, nilikuwa na jicho kwenye nafasi ya ng'ambo.

Ndani ya kitabu kulikuwa na kitu walichokiita kikao cha ukweli. Kila Ijumaa asubuhi watu wawili walikaa wakitazamana mbele ya ofisi nzima, kila mmoja amwambie mwenzake kasoro zake. Kompyuta ilichagua jozi, ila mimi niliweza kuzibadilisha. Mtu akishindwa mara mbili, anaachishwa kazi.

Basi kulikuwa na Mama Perez, mjane kutoka Sindo, kando ya ziwa, aliyewasimamia wanawake wetu wote wa ufuoni waliotukusanyia bei. Hakuna aliyemshinda kazi. Na kulikuwa na Dan, fundi wa mitambo, kijana mpole aliyehamishwa kutoka tawi la Migori. Dan alikuwa amemwoa binti mkubwa wa Mama Perez. Wewe umekulia Nairobi, pengine hukufundishwa: kwetu mkwe na mama mkwe hawali meza moja, hawashikani mikono, na hawakosoani kwa vyovyote. Heshima yenyewe ndiyo hiyo. Wale wawili walikuwa wamejipangia, mama akiingia mlango wa mbele, Dan anapita wa nyuma, na kazi inaendelea.

Ijumaa hiyo kompyuta iliwaweka pamoja. Mama Perez alikuja mezani kwangu mapema, akasema polepole kwa Dholuo, lugha yetu, akiniita mtoto wake, "Nyathina, yule ni mkwe wangu. Nibadilishie mtu tu."

Nikamjibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti ili wengine wasikie, kwamba ofisini hakuna mama mkwe, kuna wafanyakazi. Mimi, ambaye mume wangu hajawahi kula mbele ya mama yangu mpaka leo. Nikiyakumbuka maneno hayo naona aibu hadi masikioni.

Wakakaa. Mama Perez aligeuza uso ukutani. Dan aliangalia viatu vyake. Meneja wetu, mzungu mmoja aliyeitwa Henrik, akaninong'oneza kuniuliza kuna shida gani. Sentensi moja ingetosha, mwanangu. Nikamwambia, "Hawajazoea kusema ukweli."

Wiki iliyofuata waliwekwa pamoja tena, kwa sababu walioshindwa walilazimika kurudia. Dan alikuwa na watoto wawili wachanga. Alisimama, akafumba macho, akasema mbele ya watu wote kwamba Mama Perez ni mzito wa kuelewa kompyuta na anawachelewesha wenzake. Mama Perez alichukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma, na hatukumwona tena. Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi.

Dan naye hakumaliza mwezi. Alirudi Migori kutengeneza simu, na mkewe akawa anaenda Sindo peke yake na watoto. Wazee walimwita Dan ili jambo litengenezwe kwa mila, lakini aliona aibu kukanyaga pale.

Henrik alikuja kuambiwa habari yote na dereva. Aliniita, hakufoka, aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia? Ningebadilisha kwa dakika moja."

Mwisho nilikwenda Sindo na sukari na kitenge kuomba msamaha. Nilimkuta Mama Perez akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Yule mzungu hakujua, sina neno naye. Dan alikuwa anatafutia watoto wake chakula. Wewe ulijua."

Akaendelea kutandaza omena. Kitenge nilikiacha juu ya kiti, na kesho yake nililetewa nyumbani na mwendesha bodaboda, hakijafunguliwa. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kurudi. Mazishini nilikaa nyuma kabisa, na nilipomwona binti yake nilijificha.

Kwa hiyo nisikilize. Watakupa kitabu chao, na mengi ndani yake ni mazuri, usikidharau. Watakuuliza pia kuhusu watu wako, na wengine watauliza kwa nia njema. Hapo ndipo unapoustahili mshahara wako. Sema. Sema hata kama utaonekana mshamba, hata kama sauti inakukwama, na sema kabla mtu hajakalishwa kwenye kiti. Ukikosea kwa kutojua, watu watakufundisha na yataisha. Mimi nilikosea nikijua, na mwanamke ambaye angeweza kunisamehe hayupo tena nimwombe.

Nenda Migori, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuwaona watu walio mbele yako na ulimi usiowaonea haya. Na wakikujia asubuhi wakikuomba jambo dogo kwa sauti ya chini, Mungu akusaidie uinuke uwasikilize.