Makinda ya Kwera Kule Ngumbo

Nakumbuka msimu wa mvua ule nilioolewa, mwanangu, nilipotoka kwetu Mkumbi kwenye kahawa na kuteremka hadi Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu alikaa nami wiki tatu tu, kisha akaondoka kwenda kukata mkonge Tanga, kama vijana wengi wa huku. Nikabaki na mama mkwe wangu, Mama Kolumba, mjane, mtu wa maneno machache. Mimi nilijua Kimatengo, yeye Kinyasa. Tukawa tunaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza.

Kila asubuhi, baada ya sala, alikwenda kwenye kinamasi, pale mto unapoingia ziwani, akaketi juu ya jiwe kutazama ndege. Yangeyange, mnandi, mdiria, na hasa kwera, wale wadogo wa manjano wanaosuka viota kwenye matete. Alikaa mpaka jua likawa kali. Mimi niliyekulia na jembe mkononi niliona ni uvivu tu. Mungu anisamehe.

Basi mvua ikauangusha ua wetu wa matete uliozunguka nyumba. Nikasema moyoni, leo nitamwonyesha mama huyu kazi ya mtu wa Mkumbi. Nikachukua mundu, nikaingia kinamasini peke yangu. Matete ya pale yalikuwa marefu, hakuna aliyeyagusa, wala sikujiuliza kwa nini. Viota vilining'inia humo, na vingine vilikuwa na makinda. Niliyasikia yakilia, nikaendelea kukata. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliyasikia.

Mama alinikuta nikishusha mzigo wa tatu. Akainama, akachomoa kiota kimoja kwenye matete, akachungulia ndani, akakifunika kwa kiganja. Akaondoka nacho. Jirani ndiye aliyenieleza kwamba wanawake wa pale hawakati matete hayo mpaka makinda yaruke. Nililia sana. Kisha nikafunga nguo zangu kwenye kaniki, nikijua nitarudishwa kwetu.

Asubuhi mama akauona mzigo wangu mlangoni.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Rudisha mzigo ndani, twende."

Tukaketi wote juu ya lile jiwe. Kwera mmoja akaja na mdudu mdomoni, akazunguka pale palipokuwa na kiota chake, akatua kwenye shina la tete nililolikata, akaruka, akarudi. Alirudi mara nyingi, mdudu bado mdomoni. Nikafunika uso.

"Usijifiche, tazama," mama aliniambia taratibu. "Na mimi nina kosa. Nilijua, nikadhani na wewe unajua. Tangu mume wangu alipozama nimekuwa nikija hapa peke yangu, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya mno. Nilipaswa kukuleta siku ya kwanza."

Akanishika mkono. Tangu asubuhi ile tulikwenda wawili. Alinifundisha majina ya ndege kwa Kinyasa, moja kila siku, na kwa ndege hao nikajifunza lugha ya nyumba yangu mpya. Mvua zilizofuata matete yalikuwa yameota, kwera wakasuka tena. Mume wangu aliporudi kutoka mkonge alitukuta kule kule, tumekaa, hata hatukumsikia akija.

Sasa wewe, mwanangu, unakwenda kuishi na watu usiowajua. Ukifika, usikimbilie kuonyesha nguvu zako. Keti kwanza, uone wenyeji wanatunza nini, na usilolielewa uliza. Ukikosea, usifunge mzigo. Kaa utazame ulichokifanya hata kama kinauma. Na siku ukiwa mwenyeji, usimwache mgeni akisie. Mwambie.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe watu watakaokuvumilia, na akupe moyo wa kuwavumilia watakaokuja baada yako.